Kuuguzwa Baridi Yabisi kwa Simu
(Hotuba ya mwalimu mkimbizi mbele ya kamati, Mbuya, Kampala)



Nimeombwa niseme juu ya wagonjwa wa viungo wanaohudumiwa kwa simu. Mimi ni mwalimu, si daktari. Ninasimama hapa kwa sababu niliwahi kukosea, na kosa langu lilimlaza mtu hospitalini.

Mnakumbuka Machi 2020, wakati wa korona, mabasi na teksi zilipozuiwa Uganda nzima. Mama yangu mdogo ana baridi yabisi ile ya kuvimba vidole. Asubuhi hawezi hata kushika kikombe. Daktari alipiga simu, akasema Kiingereza, nami nikatafsiri. Sauti ilikuwa ikikatikakatika. Yeye alisema methotreksati inywewe mara moja kwa juma. Mimi nikamwambia mama mara moja kwa siku. Haikuchukua muda, vidonda vikajaa kinywani, uji wenyewe haupiti. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini dawa hiyo ikinywewa kila siku huharibu damu na yaweza kuua.

Tangu siku ile sikati simu kabla ya kumrudia daktari maneno yote: jina la dawa, vidonge vingapi, siku gani. Tulichagua Jumatatu, tukaandika kwenye daftari na kubandika karatasi ukutani. Daktari naye tunamwomba atume ujumbe wa maandishi.

Kabla ya simu, mgonjwa ajiandae. Viungo gani vimevimba? Asubuhi vinakaza kwa muda gani? Anaweza kukunja ngumi? Dawa zimebaki ngapi? Kama simu ina picha, akae karibu na dirisha aonyeshe mikono.

Na tafadhali, msizungumzie kwenye kibanda cha kuchaji simu. Nilimwona dada mmoja akiulizwa kama ana mimba, spika iko wazi, vijana wanacheza dama pembeni. Akakata simu. Swali lile lilikuwa la lazima, maana methotreksati hudhuru mtoto tumboni. Mahali ndipo palipokuwa pabaya.

Simu ina mwisho wake. Haipimi damu, na anayekunywa dawa hii lazima apimwe damu mara kwa mara. Haichomi sindano: mtoto ambaye homa ya viungo imemgusa moyo anahitaji penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, na simu kazi yake ni kumkumbusha mzazi tu. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kina moto na mtu ana homa, au akikosa pumzi, msingoje kupigiwa. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu zetu wa mashirika, wataalamu wa Ulaya katika chama cha EULAR walitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba mgonjwa na mhudumu waamue pamoja kama waonane uso kwa uso au kwa mbali. Basi mtuulize. Yuko bibi asiyesikia vizuri. Huyo mpeni nauli. Na mnapotuambia "tutapiga kesho", mtaje saa. Simu moja inatumiwa na nyumba tatu, na mwenye simu huondoka nayo saa moja asubuhi kwenda sokoni.