Mtoto Atakaa kwa Nani?

Msikilizaji wa Waithaka, wewe na mzazi mwenzako mmeachana na hamsemezani. Mtoto atakaa kwa nani? Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la. Basi usimfiche mtoto kwa shangazi eti karo haijalipwa. Nendeni kwa afisa wa watoto, Dagoretti, mwandikiane makubaliano: siku za shule analala wapi, likizo anaenda kwa nani, sare ananunua nani. Mkishindwa, Mahakama ya Watoto itaamua, ikitanguliza maslahi ya mtoto. Na tafadhali, jamani, msimtume mtoto kupeleka matusi kwa mzazi mwingine. Hilo linamuumiza sana. Ukiona mtoto anateswa, piga 116, bila malipo.