Mihadhara ya Wazi Kuhusu Asia Mjini Likasi: Suala la Lugha



Mhadhara wa wazi ni somo ambalo chuo hulitoa kwa yeyote anayetaka kusikiliza, bila ada wala cheti. Hilo sote tunalijua, sitalikalia. Asia nayo ni pana, lakini Likasi, mji wetu wa Katanga nchini Kongo, imekutana nayo kwa njia yake. Urani ya mgodi wa Shinkolobwe, hapo jirani, iliingia katika bomu lililotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Januari 1963, mji ukiitwa bado Jadotville, wanajeshi wa India waliotumwa na Umoja wa Mataifa walivuka mto Lufira wakaingia humu. Leo kampuni za Kichina zinachimba shaba na kobalti kuanzia Lubumbashi hadi Kolwezi, na watoto wetu ndio madereva na wapishi wao. Mtu wa Likasi hahitaji kushawishiwa kwamba Asia inamhusu.

Tatizo la mihadhara yetu kuhusu Asia ni lugha. Nimelisema kwa miaka, nalisema tena.

Mabango yetu ni ya Kifaransa, na mhadhara ni wa Kifaransa. Sokoni, kwenye depo za madini na ndani ya teksi, watu wanasema Kiswahili. Katika mhadhara mmoja, kwenye chuo nisichokitaja, mzungumzaji alifafanua mafundisho ya Konfusio saa nzima. Mwishoni dereva mmoja, ovaroli ya kazi ikiwa bado mwilini, alisimama safu ya nyuma akauliza kwa Kiswahili: mbona bosi wangu Mchina akinipa karatasi yenye jina lake anaishika kwa mikono miwili? Mwongozaji akamwomba aulize kwa Kifaransa. Dereva akaketi. Swali lile ndilo lililokuwa mhadhara wenyewe! Hapa kwetu pia mtoto hapokei kitu cha mzee ovyo kwa mkono mmoja. Tungeanzia kwenye heshima hiyo, tungefika kwa Konfusio pamoja naye.

Simlaumu mkuu wa chuo yeyote. Najua bajeti ni finyu, na Kifaransa ndicho lugha rasmi. Lakini Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na inaitaka serikali izikuze. Wapo wanaodai Kiswahili chetu cha Katanga hakiwezi kubeba mambo mazito. Sikubaliani nao. Mama mmoja anayepika kwenye kambi ya wafanyakazi alinieleza kwa Kiswahili hicho hicho jinsi Wachina wanavyochota wote kwenye sahani za katikati ya meza, na jinsi walivyojifunza polepole kula bukari, ugali wetu. Sikuona neno lililompungukia.

Napendekeza mihadhara itolewe kwa Kiswahili, au mkalimani awepo tangu mwanzo. Mabango yabandikwe sokoni, kwa Kiswahili. Saa ziwe za Jumamosi alasiri, watu wametoka kazini. Madereva, wapishi na wakalimani wa kampuni waalikwe kuzungumza, na walipwe kama mgeni yeyote wa chuo. Wachina na Wahindi wanaoishi hapa waalikwe nao, wajieleze wenyewe. Shinkolobwe na Lufira ziwe na mhadhara wao. Muhtasari uchapishwe kwa Kiswahili. Na maswali, narudia, yapokelewe kwa Kiswahili.

Atakayeandaa mhadhara ujao, namwomba amtafute dereva yule, ampe nafasi ya kwanza ya kuuliza.