Siki, pamba na daftari la zamu

Msikilizaji, mwanamke wa Handeni au Korogwe akiambiwa ana saratani ya mlango wa kizazi, neno linalofuata ni Ocean Road, taasisi ya saratani. Maana yake ni basi la Dar es Salaam, nauli, na ndugu wa kufikia. Lakini kabla ya basi hilo kuna muuguzi anayempima.

Itazame kazi yake. Anapaka siki ya hospitali, isiyo kali, kwenye mlango wa kizazi kwa pamba. Anasubiri kama dakika moja, anamulika taa, anaangalia. Penye mabadiliko panageuka peupe. Mashine kubwa hakuna hapo. Kuna macho yaliyozoeshwa, na macho hayazoeshwi kwa semina ya siku mbili. Wasichana walianza kupata chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, nchi nzima mwaka 2018. Mama zao hawakuipata, wanategemea pamba hiyo.

Sasa muuguzi huyo akipandishwa kuwa mfawidhi wa wodi, tunamkabidhi daftari la zamu, funguo za stoo na vikao. Cheo anakistahili, tena kimechelewa. Ila tumemwondoa kwenye kitanda cha kupimia. Mfawidhi aliyebobea kwenye saratani apangiwe vijana wawili watatu wa kuwafundisha, na saa za kufanya hivyo ziandikwe kwenye zamu yenyewe, si baada ya kazi.

Waganga wakuu wa Handeni na Korogwe, mkikaa kupanga vyeo na uhamisho, ulizeni kwanza: akiondoka huyu, nani anabaki na pamba?