Chunusi Katika Ngozi Inayozeeka

Leo twataka kunena habari ya ngozi ya uso. Huenda mtu akadhani kuwa jambo hili ni dogo, halistahili kutiwa katika mazungumzo ya afya. Lakini wako watu waonao haya kutoka mbele za wenzao kwa ajili ya chunusi, na wengine katika kutafuta dawa wamejipatia madhara makubwa kuliko chunusi zenyewe.

Wengi hudhani ya kuwa chunusi ni ugonjwa wa vijana tu. Sivyo. Wako wanawake wa miaka 30, 40, hata na zaidi, wapatao chunusi, hasa kidevuni na tayani, nazo huzidi siku chache kabla ya hedhi. Mtu wa namna hii huona chunusi za ujana na makunyanzi ya utu uzima katika uso mmoja, asijue ashike lipi.

Kwanza tufahamu asili yake. Kila tundu la unyweleo lina kitezi kitoacho mafuta ya kulainisha ngozi. Mafuta yakizidi, na ngozi iliyokufa isipobanduka vema, tundu huziba. Ndani yake vijidudu ambavyo kwa desturi hukaa katika ngozi bila ya kudhuru huongezeka, na mwili hupigana navyo. Hapo ndipo hutokea uvimbe na usaha. Basi chunusi si alama ya uchafu, wala haziponi kwa kuoa au kuolewa.

Sasa tutazame uzee. Miaka ikipita ngozi huwa nyembamba na kavu, na nyuzi zinazoikaza hulegea. Jua huharakisha mambo hayo. Ngozi nyeusi hujikinga na jua kuliko nyeupe, lakini haikosi kuumia. Tena madoa yaachwayo na chunusi huzidi weusi yakipigwa na jua.

Kwa hiyo mtu mzima mwenye chunusi asiusugue uso wake kwa dodoki, wala kwa sabuni ya kufulia, wala asipake ndimu. Ngozi yake haivumilii tena ukali huo. Na aoshe uso mara mbili kwa siku kwa maji na sabuni laini, kisha apake mafuta mepesi yasiyoziba matundu. Akitoka juani, avae kofia pana au achukue mwavuli, na akiweza apake dawa ya kukinga jua. Chunusi asizitumbue, maana kutumbua huleta makovu.

Katika dawa, iko moja iitwayo benzoili peroksaidi, nayo huua vijidudu. Ile ya asilimia 2.5 yafaa karibu sawasawa na ya asilimia 10, lakini haichomi kama hiyo. Iko na jamii nyingine iliyotokana na vitamini A, kama tretinoini na adapaleni. Mwaka 1969 Daktari Albert Kligman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitangaza kuwa tretinoini huponya chunusi. Baadaye ilionekana kuwa ngozi za watu wazima walioitumia zimelainika, na mwaka 1986 wakatangaza kuwa hupunguza pia makunyanzi yaliyoletwa na jua. Hivyo dawa moja yaweza kutumika kwa mashaka yote mawili. Hupakwa kidogo tu, kadiri ya punje ya njegere kwa uso mzima, wakati wa usiku. Mwanzoni mtu hupaka mara mbili au tatu kwa juma, ngozi ipate kuizoea. Mwanamke mwenye mimba, au anayetazamia kuipata, asiitumie.

Tena subira yatakiwa. Dawa hizi huchukua majuma 8 hata 12 kabla ya kuonyesha nguvu zake. Wengi huziacha katika juma la tatu, wakasema hazifai.

Hapo ndipo huingia hatari tuliyoitaja. Mtu aliyechoka kungoja huuziwa mkorogo wa kuondoa madoa. Baadhi ya dawa hizo zina zebaki, ambayo hupenya mwilini na kuharibu mafigo. Nyingine zina dawa kali za jamii ya steroidi: uso hung'aa kwa siku chache, kisha ngozi huwa nyembamba, mishipa ikaonekana, na chunusi zikarudi nyingi kuliko kwanza. Kwa sababu ya ubaya wa zebaki, mataifa mengi yalifanya Mapatano ya Minamata mwaka 2013, na vipodozi vyenye zebaki ni miongoni mwa vitu yanavyokataza. Basi kopo lisilo na maandishi ya vitu vilivyomo, msilinunue. Na aliyekwisha kutumia mkorogo kwa muda mrefu asiuache kwa siri. Na aende kwa daktari aongozwe.

Kadhalika na aende hospitali mwenye chunusi kubwa zenye maumivu, au zinazoacha makovu. Kuchelewa ndiko kunakofanya kovu lidumu.

Mabibi na mabwana, uzee hauna dawa, wala si aibu. Lakini chunusi zatibika, na ngozi yaweza kutunzwa kwa gharama ndogo. Haraka haraka haina baraka. Kwaherini.