Nyumba Zetu Katika Wiki za Mwanzo za Korona

(Matini ya mhadhara uliotolewa baina ya Magharibi na Isha katika mmoja wa misikiti ya Mombasa)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, na mama zetu na dada zetu mnaosikiliza nyuma ya pazia.

Nilipoombwa kuzungumza usiku wa leo niliambiwa nichague maudhui yoyote yanayohusu malezi. Nimechagua kuwarudisha nyuma mpaka miezi ya Machi, Aprili na Mei ya mwaka 2020. Najua wengi wetu tumekwisha kuufunga ukurasa ule. Barakoa zimetupwa, na vile vidumu vya maji na sabuni vilivyowekwa milangoni mwa misikiti vimegeuzwa kuwa vya matumizi mengine. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wanakwenda skuli. Lakini mimi nina deni la wiki zile, na nimeona nilitaje mbele yenu kabla sijaanza kuwafundisha watu malezi.

Kwanza tukumbushane jinsi mambo yalivyofuatana. Siku ya Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020, alitangazwa mgonjwa wa kwanza katika nchi yetu ya Kenya, siku mbili tu baada ya Shirika la Afya Duniani kuutangaza ugonjwa ule kuwa janga la dunia nzima. Jumatatu iliyofuata skuli zikaanza kufungwa. Tarehe 22 ikasimamishwa mikusanyiko yote ya ibada. Tarehe 27, nayo ilikuwa Ijumaa, ikaanza kafyu ya kutoka saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na jioni ile ile watu waliokuwa wakiwahi feri ya Likoni wavuke kabla ya saa kutimia wakakutwa na moshi wa kutoa machozi. Kisha tarehe 8 Aprili zikafungwa njia za kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi. Mtu alikuwa na mama yake upande wa Kwale, mwendo wa feri na matatu moja, na asiweze kumfikia. Mimi nilikuwa mmoja wa watu hao.

Katika upande wa fiqhi sitarefusha, kwa kuwa wanavyuoni walikwisha kulizungumza. Kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) kurudi kutoka Sargh alipopata habari ya tauni katika ardhi ya Sham mnakijua, na hadithi aliyoisimulia Abdurrahman bin Awf (r.a.) ya kutoingia penye tauni wala kutoikimbia mnaijua pia. Huko Kuwait, Machi 2020, waadhini walisikika wakiwataka watu waswali majumbani mwao, na baadhi yetu tulilia tulipoisikia sauti ile katika simu zetu, ingawa tamko lenyewe lina asili katika Sunna tangu usiku wa baridi na mvua wa zama za Mtume (s.a.w.).

Yupo mwanachuoni mmoja ambaye nataka kusimama naye kidogo, naye ni Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki Cairo mwaka 852 Hijria. Nilipokuwa masomoni Khartoum kitabu chake cha Fat-hul Bari hakikutoka mikononi mwetu. Tukibishana juu ya isnadi zake mpaka usiku wa manane, na tukimwita Hafidh kana kwamba alizaliwa na kilemba chake kichwani. Sikuwahi kujiuliza kama alikuwa na watoto. Katika wiki za kafyu mwenzangu mmoja wa masomoni alinipelekea kwa simu kurasa za kitabu chake kingine, alichokitunga juu ya tauni, Badhlul Ma'un. Hapo ndipo nilipojua kwamba mabinti zake wawili, Fatima na Aliya, walikufa kwa tauni mwaka 819, na kwamba mkubwa wao, Zayn Khatun, alikufa kwa tauni mwaka 833 naye ana mimba. Fat-hul Bari aliianza mwaka 817 na kuimaliza mwaka 842. Maana yake ni kuwa zile juzuu tulizokuwa tukizisoma kwa kujigamba ziliandikwa na baba aliyekuwa akiwazika wanawe.

Na ni yeye huyo anayesimulia kuwa katika tauni ya mwaka 833 watu wa Cairo walifunga siku tatu kisha wakatoka jangwani kwa wingi kuomba dua. Kabla ya kutoka walikuwa wakifa chini ya watu 40 kwa siku. Mwezi haukumalizika ila idadi ilikuwa imepindukia 1000 kwa siku. Enyi mliotukasirikia kwa kufunga milango ya misikiti, na nakumbuka maneno yenu, msitoe jawabu kwangu, mpeni Ibn Hajar.

Sasa turudi nyumbani.

Madrasa yangu ilipofungwa, ada ya wanafunzi ilikatika wiki ile ile. Siwalaumu wazazi. Mvuvi hakuwa na wa kumuuzia, dereva wa tuktuk hakuwa na abiria, na hoteli za pwani zilikuwa zimewarudisha wafanyakazi wao makwao. Mimi nilikuwa nikidhani, na nikisema hadharani, kwamba nyumba yangu inasimama kwa ada ile. Mwisho wa Machi nikaomba nilione daftari la deni la dukani. Nikakuta kwamba kwa miaka mitatu unga, sukari na mafuta ya nyumba yangu vilikuwa vikilipwa, zaidi ya nusu, kwa mahamri ya mke wangu. Alikuwa akiamka saa tisa za usiku kuukanda unga na kuchoma, na mimi nikiamka kwa ajili ya Alfajiri nikiyakuta yamekwisha kufunikwa, nikichukua mawili na chai ya rangi na kwenda zangu msikitini. Niliyaona kama mtu anavyoliona jua, kwamba hutoka tu.

Kafyu ikamwondolea wateja wake, kwani waliokuwa wakinunua ni wale wawahio kazini kabla ya mapambazuko. Akabadilisha mpango, akawa achoma kwa oda za majirani tu, na akaniambia kwa upole, kama anayemwomba mgeni, nimsaidie kukuna nazi. Ndugu zangu, nilikuwa sijaikalia mbuzi tangu utotoni. Nazi mbili za kwanza nilizikuna mpaka kwenye kifuu, tui likatoka la rangi ya udongo, na wanangu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilikwisha kuifundisha mara nyingi ile riwaya ya Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) akifanya nini nyumbani mwake, akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia ahli zake, na ikifika swala akitoka kwenda kuswali. Nikiifundisha kwa sarufi yake, na maana ya "kuwahudumia" nikiipitia juu juu ili nifike penye swala.

Usiku wa kwanza wa kafyu tuliswali Magharibi kwa jamaa sebuleni. Tulikuwa na miaka 12 ya ndoa. Nilipotoa salamu nikageuka, kama nigeukavyo kuwaelekea wanafunzi, nikawaona: mwanangu wa kiume, nyuma yake binti yangu mkubwa wa miaka 11, mdogo wake, na mama yao amempakata kichanga. Nikamwambia binti atusomee Suratul Qari'a. Alinyamaza. Nikamwanzia aya ya kwanza, bado akanyamaza, na kidole chake cha shahada kikawa kinachimba mkeka. Kumbe mtoto anaijua, na aliyafikisha hayo mbele ya mwalimu wake bila ya kosa. Mbele yangu hakuweza, maana kila alipowahi kusoma mbele yangu nilimkatiza katika neno la tatu kumsahihisha makharija. Mama yake akasema, "Usimsomeshe. Msikilize tu." Ilituchukua mpaka katikati ya Aprili. Alipoisoma yote alikosea mahali pawili, nami nikaziuma fizi zangu nikasema, "Baraka Allahu fiki."

Hayo ni ya kuchekesha na ya kutia huruma. Linalofuata si la kuchekesha.

Mwanzoni mwa Aprili alinipigia simu mama mmoja ambaye wanawe walikuwa wakisoma kwangu. Simtaji, wala mtaa wake siutaji. Mumewe alikuwa amepoteza kazi. Siku za kwanza alikaa kimya, kisha ukaja mdomo, kisha ukaja mkono. Siku za kawaida alikuwa akikimbilia kwa dada yake jioni hasira zikipanda. Sasa mlango ulikuwa ukifungwa saa moja mpaka alfajiri, nje askari na ndani mume. Mimi nilikuwa na haya ya kuyasikia mambo ya watu, na pia nilikuwa na haraka. Nikamwambia asubiri, nikamtajia fadhila za wenye kusubiri kwa ufasaha kabisa, nikamwombea dua nikakata simu. Khartoum tulifundishwa neno sabri kwa mizizi yake na minyambuliko yake yote, na ningeweza kulisomesha kwa saa nzima bila ya kitabu.

Mke wangu alikuwa akipepeta mchele pale pale. Hakuinua macho. Akaniuliza, "Mwalimu, umemwambia asubiri nini?"

Sikuwa na jawabu, na mpaka leo sina. Yeye akaichukua simu akampigia. Asubuhi kafyu ilipokwisha yule mama akaja kwetu na watoto wake wanne. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili, na ugonjwa ulikuwa ukitangazwa kila siku kwa idadi mpya, basi msidhani hatukuogopa. Jirani mmoja alituambia tunauleta mauti mtaani. Walikaa siku tisa. Nilikwenda nikakaa na mumewe chini ya mwarobaini, pamoja na ami yake, sote tumevaa barakoa na kuachana hatua tatu, nikamwambia kwamba ufukara aliotuletea Allah sote hakuna kitabu kinachoufanya kuwa ruhusa ya kumpiga mtu. Alisikiliza, akaahidi, wakarudiana. Kabla mwaka haujaisha walikuwa mbele ya Kadhi. Sina ushindi wa kuwasimulia hapa. Ninalolijua ni kwamba simu ile niliijibu vibaya, na kwamba katika wiki zile walipiga wengi kwa maimamu na waalimu wengi, na nahofia kuwa jawabu tulilowapa lilikuwa moja. Enyi waalimu wenzangu mliopo hapa, mwanamke akikwambieni anapigwa, muulizeni kwanza kama usiku wa leo ana pa kulala.

Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Aprili hakukuwa na tarawehe za msikitini wala futari za pamoja. Mwezi wa Mei Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake, watu wasitoke wala wasiingie, na waliokuwa humo wanajua zaidi yangu. Mama yangu kule Kwale alikuwa akifutari na mjukuu mmoja tu. Tukimpigia simu ya picha, aliiweka sikioni kama simu ya kawaida, basi mwezi mzima tuliliona sikio lake na kipuli chake. Siku ya Idi tulilipa sikio lile mkono wa Idi, wanangu wakalibusu kwenye kioo. Sikumwona uso wake mpaka tarehe 7 Julai, siku ilipofunguliwa njia ya kutoka Mombasa. Nilivuka na feri ya alfajiri. Alikuwa amepungua, na neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kama nimekula.

Katika mwezi huo huo wa Julai misikiti ikafunguliwa kwa masharti: watu wasiozidi 100, ibada isizidi saa moja, na walio chini ya miaka 13 na waliozidi miaka 58 wabaki majumbani. Wazee wetu waliokuwa safu ya kwanza kwa miaka 40 walituangalia tukipita barazani kwao. Mimi siku ile nilioga, nikavaa kanzu mpya, nikajitia udi, na moyo wangu ulikuwa ukiruka. Nilipotoka chumbani nikamkuta binti yangu amekwisha kutandika mikeka sebuleni, wa imamu mbele, wa kaka yake, kisha ya wanawake, kama alivyokuwa akifanya kila jioni kwa miezi mitatu na zaidi. Nikamwambia, "Mwanangu, leo msikiti umefunguliwa." Akasema, "Ahsante baba," akaanza kuikunja, mmoja mmoja.

Nilikwenda msikitini. Tangu wakati huo sunna ya Magharibi naiswali nyumbani, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tuzipe nyumba zetu fungu katika swala zetu, ila usiku kama huu mnaponizuia nyinyi kwa mhadhara. Binti yangu sasa ni mwari, naye huwasomesha wadogo zake. Husikiliza mpaka mwisho wa sura kabla ya kusahihisha.

Naona muadhini amesimama. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.