Maumivu Sugu na Hofu ya Kuwa Teja

Maumivu huitwa sugu yanapodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Vyanzo vyake ni vingi: mgongo, magoti yaliyolika gegedu, baridi yabisi, seli mundu, saratani, neva zilizoharibiwa na kisukari au mkanda wa jeshi. Maumivu ya ghafla yana kazi yake. Humfanya mtu autoe mkono motoni kabla hajaungua zaidi. Maumivu sugu aghalabu yameshaipoteza kazi hiyo. Neva zilizopeleka taarifa za maumivu kwenye ubongo kwa miezi mingi huwa nyepesi kushtuka, hata shuka likigusa mguu linauma, na picha ya eksirei inaweza isionyeshe chochote. Ndugu wakiambiwa picha ni safi husema mgonjwa anadeka. Hadeki.

Mgonjwa wa namna hii akianza kumeza dawa kila siku, wasiwasi huja wenyewe: ataizoea, na mwisho wake atakuwa teja. Wasiwasi huo una msingi, ila ndani yake yamefungwa mambo matatu yasiyofanana, na wagonjwa wengi wameumia kwa sababu hayakutenganishwa.

La kwanza ni mwili kuizoea dozi: kiasi kilichotuliza mwezi uliopita hakitulizi tena vilevile. La pili ni utegemezi wa mwili. Anayetumia dawa za jamii ya opioidi, kama mofini, kodeini, pethidini na tramadoli, kwa wiki kadhaa mfululizo, akizikatiza ghafla hutokwa jasho, kamasi humchuruzika, tumbo humharisha, mifupa humuuma na usingizi humkimbia. Vijiweni hali hiyo huitwa arosto. Lakini humpata pia bibi wa miaka 70 asiyewahi kuonja hata sigara, wala opioidi haziko peke yake katika tabia hiyo: propranololi, dawa ya moyo na presha, nayo haiachwi kwa siku moja.

La tatu ndilo uraibu. Hapa mtu hushindwa kujizuia. Huitafuta dawa hata inapomharibia kazi, fedha na ndoa, na huitaka hata siku ambayo hakuna kinachomuuma. Kuhesabu vidonge hakutoshi kumtambua. Huangaliwa maisha yake yanaelekea wapi. Mgonjwa wa saratani anayekunywa mofini kila baada ya saa 4, akaweza kuoga mwenyewe na kukaa mkekani kula na wajukuu, mwili wake unaitegemea dawa hiyo na bado hana uraibu. Maisha ya mraibu hubanwa kila dozi inapopanda. Ya huyu yamefunguka.

Afrika Mashariki hofu karibu yote imeelekezwa kwenye mofini. Kwa familia nyingi, kutajwa kwake wodini ni sawa na kuambiwa zichongwe mbao za jeneza. Uganda imeonyesha njia nyingine. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, ilianza kutumia mofini ya kunywa ambayo utengenezaji wake hauhitaji kiwanda kikubwa: unga wa mofini, maji, kihifadhi kidogo na rangi. Rangi hiyo ina kazi. Ya kijani ndiyo nyepesi, ya bluu ndiyo kali, hivyo hata muuguzaji asiyejua kusoma hawezi kuzichanganya chupa. Dawa hunywewa kila baada ya saa 4, na ya kulalia huongezwa mara mbili ili mgonjwa asiamshwe na maumivu usiku wa manane. Hufuatana na dawa ya kulainisha choo, maana usingizi na kichefuchefu cha mwanzo huisha baada ya siku chache, lakini kufunga choo hubaki muda wote dawa inapotumika. Mwaka 2004 nchi hiyo ilibadili kanuni zake, wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa wakaruhusiwa kuandika mofini, kazi ambayo nchi nyingi zilikuwa zimewaachia madaktari peke yao.

Pengo lililobaki ni kubwa mno. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za opioidi zilizokuwa zikigawiwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa uzito wa mofini, nchi zenye kipato cha chini zilipata tani 0.1. Hiyo ni kilo 100, kwa nchi zote hizo pamoja.

Wakati mofini inafungiwa kabatini kwa kufuli mbili, diklofenaki huuzwa mtaani kama njugu. Fundi ujenzi mwenye mgongo huingia duka la dawa jioni, hutaja tu mahali panapouma, na hutoka na bahasha ya vidonge. Hakuna anayemwita teja, na ni kweli diklofenaki haileti uraibu. Hatari yake iko kwingine. Dawa hii na ndugu zake, ibuprofeni na naprokseni, huzuia kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu, lakini kemikali hizohizo hulinda ukuta wa tumbo na kuweka wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Ikimezwa miezi na miezi, vidonda vya tumbo huanza kuvuja damu, wakati mwingine bila maumivu yoyote hadi choo kiwe cheusi. Presha hupanda. Aliye hatarini zaidi ni mzee ambaye tayari anameza losartani au enalapirili pamoja na dawa ya kukojoza. Diklofenaki ikiwa ya tatu, figo zinaweza kufeli kabla yeye hajahisi lolote.

Parasetamoli ni salama zaidi, kwa sharti la kutovuka gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, sawa na vidonge 8 vya miligramu 500. Wapo wanaovuka bila kujua, kwa sababu vidonge vingi vya mchanganyiko vina parasetamoli ndani yake, na mtu huongeza Panadol juu. Wenye kichwa kinachouma mara kwa mara wana mtego wao: dawa za maumivu zikitumiwa siku 10 hadi 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi mfululizo, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa.

Tramadoli imekaa katikati, na pengine ndiyo inayostahili hofu zaidi kuliko inavyopewa. Ni opioidi, lakini kwa miaka mingi haikuwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 unaodhibiti mofini, ikaonekana dawa ya kawaida tu. Dozi zikizidi huleta degedege, na huleta uraibu pia.

Hofu ya opioidi kwa maumivu yasiyo ya saratani ina historia ya kweli, na historia hiyo ni ya Marekani. Mwaka 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya aya moja: kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa opioidi wakiwa hospitalini, wanne tu ndio waliothibitika kupata uraibu. Barua haikusema neno kuhusu wanaotumia dawa nyumbani kwa miaka, ila ilinukuliwa kana kwamba imesema. OxyContin, opioidi ya kampuni ya Purdue, iliingia sokoni mwaka 1996 kwa matangazo makubwa, na mwaka 2007 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kuwapotosha watu kuhusu hatari yake. Kisha kosa likageuzwa upande wa pili. Baada ya mwongozo wa mwaka 2016 wa kubana opioidi, madaktari wengi waliwakatia dawa wagonjwa wa muda mrefu kwa mkupuo, baadhi ya wagonjwa hao wakajiua, na mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikalazimika kuonya dhidi ya ukataji huo.

Kwa mgongo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023: mazoezi yanayopangwa, elimu na msaada wa kisaikolojia vinapendekezwa, opioidi hazipendekezwi. Maumivu ya neva hutibiwa kwa dawa nyingine kabisa, mojawapo amitriptilini ya dozi ndogo usiku. Mgonjwa akisoma karatasi ya ndani ya boksi na kukuta imeandikwa dawa ya sonona, huhisi ameitwa mwendawazimu na huitupa. Angeelezwa mapema kwamba dawa hiyo hutuliza pia neva zilizochachamaa, asingeitupa.

Aliyekwisha kutumia opioidi kwa mwaka mmoja au zaidi, akitaka kuziacha, hupunguziwa polepole, takriban asilimia 10 ya dozi kwa mwezi, na husimama kidogo njiani dalili zikizidi. Mwili uliopunguziwa hupoteza uzoefu wake, kwa hiyo kurudia dozi ya zamani ghafla kunaweza kusimamisha pumzi. Mgonjwa wa saratani ambaye mionzi imempunguzia uvimbe hupunguziwa mofini vivyo hivyo, kwa hatua, na wengi huiacha bila purukushani.