Kufungua na kufunga tena pikipiki ndogo ya zamani nyumbani

Maneno yaliyosemwa mbele ya jamaa zilizohama, jamaa zilizowapokea na viongozi wa mitaa, Kalemie



Katika ziara zetu za kutembelea jamaa, vijana wametuuliza mara nyingi juu ya pikipiki ndogo za zamani zinazolala nyuma ya nyumba, chini ya mabati, zimejaa kutu na mavi ya kuku. Wanauliza kama zinaweza kutembea tena. Nyingi zinaweza. Na kazi yenyewe inaweza kufanywa hapa nyumbani, chini ya mwembe, na watu wawili au watatu wenye subira.

Nitasema hasa juu ya aina moja, kwa sababu ndiyo niliyoiona ikifunguliwa na kufungwa hapa mjini: Honda Dax. Wengine mnaiita ya watoto kwa sababu ya magurudumu yake madogo. Hamjakosea sana. Asili ya pikipiki za jamii hii ni kiwanja cha michezo huko Japani kiitwacho Tama Tech, ambako mwaka 1961 Honda waliweka pikipiki ndogo za kupandisha watoto. Watu wazima nao walizipenda. Mwaka 1967 ikaanza kuuzwa huko Japani ile iliyoitwa Monkey, na mwaka 1969 ikatoka Dax, ambayo ni kubwa kidogo, ina magurudumu ya inchi 10, na fremu yake ni ya bati nene lililokandamizwa, si ya mabomba. Jina lake linatokana na mbwa yule mrefu mwenye miguu mifupi. Ukiitazama kwa ubavu utamwona.

Sababu ya kuihangaikia ni injini. Ile ya sentimita 72 imejengwa kwa mfano uleule wa Super Cub, pikipiki ambayo Honda walianza kuiuza mwaka 1958 na kufikia mwaka 2017 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni 100. Wachina wakaiga injini hiyo, na wanaendelea kuitengeneza. Kwa hiyo pistoni, ringi, gasketi, buji na kabureta havijapotea duniani. Kijana anayejua injini hii amekwisha kujua sehemu kubwa ya injini nyingine ndogo atakazokutana nazo, hata zile za pampu za maji.

Sasa, kabla ya kugusa spana, tuongee juu ya watu.

Pikipiki hizi karibu zote zina mwenyewe. Mara nyingi mwenyewe ni mama aliyefiwa na mume, au mzee wa jamaa iliyowapokea. Wanaotengeneza ni vijana waliohama, wenye nguvu na muda, lakini hawana makuta. Mwaka 2019 nilishuhudia jambo hilo katika mtaa mmoja hapa. Vijana wawili waliofika na jamaa yao mwaka 2017, wakati wa vita vile, walilala katika ua wa mama mmoja mjane. Walimfanyia kazi Dax ya marehemu mume wake kwa miezi mitano. Siku ilipowaka, mlio ulisikika mtaa mzima, na kabla ya juma kwisha walifika mashemeji wa yule mama kudai mali ya ndugu yao. Walipokuwa imelala na kuku hakuna aliyeiulizia.

Kilichookoa hali ni karatasi moja ya daftari. Shefu wa avenyu alikuwa amewaandikisha tangu mwanzo: pikipiki ni ya mama na watoto wake, vijana wanaleta mikono yao, vipuri vilivyonunuliwa na kila upande vinaandikwa pamoja na bei na tarehe, ikiuzwa, kwanza kila mmoja anarudishiwa makuta yake ya vipuri, kisha kinachobaki kinagawanywa nusu kwa nusu. Mashemeji walisomewa, wakabishana sana, wakaondoka. Haikuwa siku nzuri, na sitasema walipatana vizuri baadaye, kwa maana sivyo. Lakini hakuna aliyepigwa, na wale vijana hawakufukuzwa katika ua.

Kwa hiyo ninawaomba viongozi: kijana akija kuwaambia anataka kufungua pikipiki ya mtu, muulizeni karatasi. Iandikwe mbele ya mwenye mali, mbele ya watu wa ukoo wake kama wapo karibu, na mtu mmoja wa upande wa waliohama. Namba ya fremu na namba ya injini zinakiliwe humo. Kama hakuna anayejua pikipiki ilitoka wapi, iachwe. Katika miaka ya vita mali nyingi zilibadilisha mikono, na pikipiki iliyolala inaweza kuwa na mwenyewe anayeitafuta mpaka leo.

Karatasi ikiisha, tuingie kazini.

Tafuteni makopo. Makopo ya maziwa, ya nyanya, chupa za maji zilizokatwa, chochote. Kila sehemu ya pikipiki ina kopo lake: gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma, kabureta, kifuniko cha kushoto cha injini, kifuniko cha kulia, na kuendelea. Bolti ikitoka inaingia katika kopo la mahali ilipotoka, pamoja na washa yake, na karatasi yenye jina. Aliye na simu apige picha kabla ya kufungua kila kitu, hasa nyaya za umeme na njia za kebo. Anayechora vizuri achore. Miezi miwili ikipita, kichwa hakikumbuki kama washa ile ilikuwa ndani au nje. Nimeona fundi mzuri wa miaka mingi akidharau makopo haya, lakini yeye hufunga pikipiki siku ileile aliyoifungua. Nyinyi mtangoja kipuri kwa majuma sita.

Bisibisi ya kawaida ya msalaba huharibu vichwa vya skrubu za vifuniko vya injini, maana Wajapani walitumia msalaba wenye umbo tofauti kidogo. Chagueni bisibisi inayokaa vizuri bila kucheza, mwekee skrubu mafuta tangu jana yake, kisha mgonge mpini wa bisibisi kwa nyundo mara chache kabla ya kuzungusha.

Hapa kuna jambo la hatari ambalo watu hawalijui. Rimu ya Dax ni vipande viwili vya bati vilivyofungwa pamoja kwa bolti. Kabla ya kulegeza bolti hizo, toeni upepo wote katika tairi, mtoe na ile sindano ya valvu, mbonyeze tairi kwa mkono mpaka muwe na hakika. Ukifungua bolti hizo wakati tairi ina upepo, vipande vitaruka na vinaweza kuvunja mkono au uso. Wakati wa kufunga nako, angalieni tyubu isibanwe kati ya vipande viwili.

Jambo jingine la hatari ni la maneno. Sisi hapa Kongo tunasema esansi kwa mafuta ya kuendeshea pikipiki, na petroli kwa mafuta ya kuwashia taa. Lakini wengi wenu mmeishi Tanzania, Nyarugusu au Lugufu, na huko petroli ni esansi yetu, na petroli yetu huitwa mafuta ya taa. Sasa fikirini ndugu aliyekulia kambini anaambiwa, "Osha vyuma na petroli." Ataleta esansi, ataimwaga katika beseni, karibu na mama anayepika kwa makala. Mvuke wa esansi hutambaa chini kama moshi usioonekana, ukifika kwenye moto unarudi na moto. Katika nyumba zetu za maturubai na nyasi, hakuna wa kuuzima. Kwa hiyo: vyuma huoshwa kwa mafuta ya taa, nje, mbali na jiko, watoto wakiwa mbali, na kabla ya kumimina kila mtu anuse aseme ni nini. Tanki la Dax liko ndani ya fremu, chini ya kiti, na linabeba takriban lita 2.5 tu, litoeni, limwageni, liacheni wazi siku nzima kabla ya kazi nyingine. Hakuna kuchomelea fremu wala tanki kabla ya hapo, na tanki lenyewe mimi ningesema lisichomelewe kabisa.

Kutu ya ndani ya tanki hutolewa kwa siki. Jaza siki, tia nati kadhaa au kipande cha mnyororo wa zamani, zibeni, tikiseni, iache usiku kucha, tikiseni tena. Suuzeni kwa maji yenye magadi, kisha maji matupu, kaushieni juani, halafu mpake mafuta kidogo ndani upesi, la sivyo kutu itarudi siku hiyohiyo.

Breki za zamani zinaweza kuwa na asbesto, vumbi linaloharibu mapafu. Msilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Futeni kwa kitambaa kilicholowa, kisha kitambaa kifukiwe.

Rangi sitaisemea sana. Vijana hupenda kuanza na rangi. Ianzeni mwishoni.

Injini. Kabla ya kuifungua yote, jaribuni kama inastahili kufunguliwa. Ondoeni buji, mimineni kijiko cha mafuta katika tundu lake, mngoje siku mbili, kisha mzungushe injini polepole kwa mkono. Kama inazunguka na inasukuma upepo kwa nguvu kwenye kidole kilichoziba tundu, huenda silinda haihitaji kuguswa. Kilichoua pikipiki nyingi hizi ni vitu vidogo: kabureta iliyoziba kwa esansi ya miaka mingi, na platini zilizoota ukungu.

Kabureta ifunguliwe juu ya sahani nyeupe ili kisipotee kitu. Vitundu vyake vipulizwe kwa pampu ya baiskeli. Msivichokoe kwa waya, maana kitundu kikipanuka hata kidogo, injini itakunywa kupita kiasi.

Platini ziko nyuma ya gurudumu la sumaku, upande wa kushoto, na zinaonekana kupitia madirisha yake. Zisugueni kwa msasa laini sana, mzifute. Zinapofunguka kabisa, nafasi yake ni kati ya milimita 0.3 na 0.4. Kwenye gurudumu kuna alama mbili, T na F. T ni pistoni ikiwa juu kabisa. F ni mahali cheche inapotakiwa kutoka. Asiye na kifaa atumie karatasi nyembamba ya kusokotea sigara: ibaneni katikati ya platini, mzungushe gurudumu polepole kwa upande injini inaozungukia huku mmoja anaivuta taratibu. Karatasi ikiachiwa, alama ya F inapaswa kuwa imefika kwenye alama ya kwenye injini. Kazi hii inahitaji watu wawili, mmoja wa kuvuta na mmoja wa kutazama. Gurudumu likihitaji kutoka, kuna chombo chake cha kuvutia. Kodisheni kwa fundi. Nyundo italivunja.

Buji iwe na nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7. Vali, injini ikiwa baridi, milimita 0.05, yaani unene wa unywele. Mkifungua kichwa cha silinda, nati zake nne hukazwa kwa zamu, msalaba, kidogo kidogo, msikaze moja mpaka mwisho. Mafuta ya injini ni lita 0.8, yakiwa zaidi hayasaidii kitu. Na kumbukeni Dax za zamani ni za volti 6. Taa ya volti 12 itawaka hafifu, mkadhani umeme umekufa.

Mtaniuliza kama inaleta makuta. Nitasema wazi: hii si pikipiki ya teksi. Magurudumu ni madogo kwa barabara zetu za mvua, haibebi mzigo, na atakayeipeleka njia ya Nyunzu ataivunja. Anayetafuta kazi ya kubeba abiria aanze na ya sentimita 125. Hii inafaa kwa safari za mjini na kwa kujifunza. Ikiisha vizuri inaweza kumpata mnunuzi anayeipenda kwa uzee wake. Honda wenyewe waliirudisha Dax mwaka 2022, yenye injini ya 125, kwa sababu watu bado waliitamani. Wale vijana wawili niliowataja, mmoja sasa ana banda lake la kutengeneza pampu na jenereta. Dax yenyewe haijauzwa. Mama yule alikataa, na karatasi ilimruhusu kukataa. Bado anawalipa sehemu yao ya vipuri kidogo kidogo.

Siku ya kuiwasha, iwe nje. Klachi yake hujifunga yenyewe mzunguko wa injini ukipanda, kwa hiyo hakikisheni haimo katika gia, maana itaruka na mtu. Baada ya kilomita mia za kwanza mwageni mafuta, mtie mapya, mkaze tena nati zote zinazoonekana.

Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, tutaanza na ile iliyo nyuma ya nyumba ya shefu. Karatasi yake imekwisha kuandikwa na atawasomea mwenyewe. Kila kijana aje na makopo kumi. Mafuta ya taa tutayaleta sisi, na nitayanusa mbele yenu.